Machipuko ya Bonn: usingoje joto ndipo utoke

Waswahili wa hapa Bonn tuna ugonjwa mmoja: tunangoja joto. Machi tunasema bado. Aprili tunachungulia dirishani, tunasema bado kidogo. Jua la kueleweka likija kutoka mwezi wa sita, tunavaa kandambili na kuteremka mtoni, kumbe micheri ilishapukutika zamani, majani ya porini yaliyokuwa mboga yamenyauka, na wauza mboga ya asparagasi wanafungasha vibanda vyao. Halafu mtu anakwambia ameishi Ujerumani miaka chungu nzima na hajaona cha maana zaidi ya theluji.

Mimi ni mtu wa Tanga, na jua nalipenda pengine kukushinda. Ila kazi yangu ni ya zamu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mapumziko nayapata katikati ya wiki wakati wengine wamo maofisini. Hapo ndipo nilipobaini kwamba machipuko ya huku yana ratiba yake na hayana habari na baridi unayoisikia wewe. Mwongozo huu unaifuata ratiba hiyo, kuanzia mwisho wa Machi mpaka tarehe 24 Juni. Aliye Köln au Düsseldorf aufuate hivihivi. Wa Hamburg na Berlin asogeze tarehe mbele kidogo, kwa sababu huku kwetu bonde la mto Rhein huwahi kupata joto.

Kwanza saa na nguo

Jumapili ya mwisho ya Machi, inapofika saa nane usiku, saa zote husogezwa mbele zikawa saa tisa. Tofauti yetu na nyumbani inapungua kutoka saa mbili hadi saa moja, kwa hiyo ukipiga simu Tanga kwa mazoea ya Desemba utamkuta mama bado hajalala na atakuuliza una shida gani. Faida kubwa ni jioni. Mwishoni mwa Machi jua la Bonn huzama kwenye saa mbili usiku. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja ana saa tatu nzima za mwanga, na bado anakimbilia kwenye kochi!

Nguo zivae kwa tabaka: fulana, sweta jepesi, koti la mvua. Aprili inaweza kukupa jua, mvua na mvua ya mawe kabla hujamaliza kikombe cha chai. Koti zito lisipande juu ya kabati mpaka katikati ya Mei, nitaeleza sababu. Na kama pua inawasha na macho yanatoa machozi, huenda si mafua. Ni chavua ya mti wa Birke. Nenda duka la dawa ukaeleze, usijitibu kwa tangawizi mwezi mzima.

Micheri, makaburi na mchoraji

Hapa Bonn kuna matembezi ya nusu siku ambayo ningemlazimisha kila mgeni wangu ayafanye, na yote ni kwa miguu. Anzia Altstadt, mtaa wa Heerstraße. Miaka ya 1980 mtaa huu na wa Breite Straße ilipandwa micheri ya Kijapani, aina ya Kanzan, ambayo maua yake yana petali nyingi zilizobebana na rangi ya waridi iliyokolea. Nyumba zimesimama karibu karibu pande zote mbili, matawi yamekutana juu, basi unatembea chini ya dari ya maua. Kawaida huchanua katikati ya Aprili na hudumu siku kumi hadi wiki mbili. Upepo mkali au mvua kubwa ikipiga, hesabu inapungua.

Nenda siku ya kazi, saa moja asubuhi. Jumamosi mchana utaona migongo ya watu wenye simu tu. Saa moja mtaa una mwenye mbwa, mtoto anayewahi shule, na baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo huku vikapu vyake vimejaa petali za usiku. Tazama na chini: petali hujikusanya kwenye mifereji ya barabara na kwenye vioo vya magari, na mwenye gari akiwasha waipa zinatawanyika kama za harusini. Usitikise tawi ili upate picha ya maua yanayodondoka. Nimewaona wanaofanya hivyo, wengine watu wazima na heshima zao, na wenyeji wa mtaa wanawaangalia kwa jicho baya. Na msiulize cheri zake zinaiva lini, miti hii ni ya maua.

Ukitoka hapo, tembea mpaka Bornheimer Straße, uingie Alter Friedhof, makaburi ya zamani. Najua, kwetu mtu haendi makaburini kutembea. Huku ni bustani, wazee wanakaa kwenye mabenchi na kula mkate. Humo amelala mama yake Beethoven, na humo wamelala mtunzi wa muziki Robert Schumann na mkewe Clara. Robert alifariki mwaka 1856 Endenich, ambayo leo ni kata ya Bonn. Weka spika za masikioni usikilize mwanzo wa simfoni yake ya kwanza, ile iitwayo ya machipuko, inavyofunguliwa na tarumbeta. Aliiandika rasimu yake kwa siku nne, Januari 1841, katikati ya baridi. Mtu aliyekwisha kupitisha Januari moja ya Ujerumani ataelewa mara moja alikuwa na hamu ya nini.

Kwenye barabara hiyohiyo ya Bornheimer kuna nyumba ya August Macke, mchoraji aliyeishi pale kuanzia 1911 mpaka 1914, na sasa ni makumbusho. Alichora juu kabisa, chini ya paa. Watu wake wengi hawana macho wala midomo. Wana kofia, miavuli na mwanga unaopenya kwenye majani. Aprili 1914 alisafiri na wenzake wawili, Paul Klee na Louis Moilliet, wakaenda Tunisia, akarudi na michoro ya rangi za maji ambayo mpaka leo watu huitazama kwa kuishangaa ilivyojaa jua. Septemba mwaka huohuo aliuawa vitani Ufaransa, ana miaka 27. Mimi hupenda kufikiri kwamba machipuko yake ya mwisho aliyaona Afrika. Angalia saa za kufungua kabla ya kwenda, maana makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa Jumatatu.

Ukirudi nyumbani, jaribu mwenyewe. Kisanduku cha rangi za maji cha watoto wa shule kinatosha, na karatasi nzito kidogo isiyojikunja. Usichore mti mzima. Chukua tawi moja uliloliona, na anza na mbingu iliyo katikati ya maua, si maua yenyewe. Pale penye ua acha karatasi nyeupe, subiri mbingu ikauke, ndipo uguse waridi. Kivuli usikipake nyeusi, changanya buluu na wekundu kidogo. Sisi tuliokulia kwenye picha za Tingatinga, rangi za makopo zinazokaa palepale ulipoziweka, tunahangaika mwanzoni kwa sababu rangi ya maji hutembea inakotaka. Iache itembee.

Ubeti mmoja kwa mwaka

Kule kazini, mwezi wa Machi, huwa nafungua pazia za bibi mmoja wa ghorofa ya pili ambaye jina langu hulisahau kila siku. Nikitaja tu maneno mawili ya mwanzo ya shairi la Eduard Mörike kuhusu machipuko, yeye analimalizia lote bila kukwama: utepe wa buluu unaopepea hewani, harufu tamu zinazojulikana, maua ya zambarau yanayoota ndoto, na sauti ya kinubi kutoka mbali. Ni la mwaka 1829, mistari tisa tu, na watoto wa shule wa Ujerumani wamelikariri vizazi na vizazi. Ukitaka kuwafurahisha wazee wa huku, au jirani asiyekusalimia kwenye ngazi, lijifunze.

Halafu tunga la kwako, kwa kanuni zetu. Kundi letu la WhatsApp la wanawake tuna mtindo: kila machipuko mmoja anatupa ubeti, wengine wanajibu kwa vina vilevile. Anza na tarbia, mistari minne, kila mstari vipande viwili vya mizani nane. Mizani uhesabu kwa vidole, si kwa macho, kwa sababu jicho hudanganya kwenye maneno kama "nje", ambalo ni mizani moja tu. Mistari mitatu ya kwanza ifanane vina vya kati na vya mwisho, wa nne uachie. Huu ulikuwa mchango wangu:

Baridi imetoweka, na jua linapendeza,
Matawi yamechipuka, maua yanachomoza,
Makoti tumeyaweka, kabati tumelijaza,
Ulojifungia ndani, toka nje upunge hewa.

Si wa kushindanisha na Muyaka, lakini mizani imetimia. Na ule mstari wa makoti ulijibiwa kwa kejeli kesho yake, baridi iliporudi.

Asparagasi, mfalme wa Mei

Mpaka hapa hujatumia hela nyingi. Sasa utatumia. Wajerumani wana wazimu mmoja ulio halali kabisa, nao ni asparagasi nyeupe, Spargel. Huanza kuuzwa katikati ya Aprili na mavuno yanakoma tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Hawaachi kwa sababu imeisha. Wanaacha ili mmea upate kukuza majani, ujiwekee akiba mizizini, uzae tena mwakani. Weupe wake unatokana na kufukiwa: wakulima huinua matuta juu ya mmea, chipukizi linapanda gizani, na linachimbuliwa kwa mkono, moja moja, kabla kichwa hakijaona jua. Ndiyo maana ni ghali. Kazi hiyo ya kuinama hufanywa zaidi na vibarua kutoka Romania na Poland, na ukishawaona mashambani saa kumi na mbili asubuhi hutalalamikia bei tena.

Panda tramu namba 18 kuelekea Köln, ushuke Bornheim, haifiki nusu saa kutoka mjini. Asparagasi ya huko jina lake limelindwa kisheria na Umoja wa Ulaya, na vibanda vya wakulima viko kandokando ya barabara. Mjini utaipata soko la Marktplatz, mbele ya jengo la zamani la halmashauri, siku zote isipokuwa Jumapili. Kuichagua: shika mbili uzisuguane, zikitoa mlio mkali ni mbichi. Bonyeza mahali ilipokatwa, patoe unyevu. Ikiwa pamekauka na kupasuka, ishukuru uiache. Mlo wa mtu mmoja ni nusu kilo. Kama ni ya supu, omba zilizovunjika au zilizopinda, bei yake ni nafuu na ladha ni ileile.

Kuimenya ndiko kunakowashinda wengi. Ilaze kwenye kiganja na mkono, ukiiegemeza, usiishike ikining'inia kwa sababu inakatika. Anza chini kidogo ya kichwa, shuka mpaka mwisho kwa kifaa cha kumenyea viazi, izungushe, rudia. Menya kwa ukarimu, uzi mmoja ukibaki utautafuna mpaka kesho. Kata vidole viwili vya mwisho. Kilo moja inanichukua muda wa sehemu ya kwanza ya ile sonata ya Beethoven ya fidla na piano, namba 5, iliyochapishwa 1801, ambayo watu waliipa jina la machipuko baadaye, wala si yeye. Alizaliwa hapahapa, mtaa wa Bonngasse, kwa hiyo nahesabu kuwa ni muziki wa jirani.

Maganda usiyatupe. Yachemshe kwanza dakika kumi na tano, chuja, na humo kwenye maji yake ndimo uichemshie asparagasi pamoja na chumvi, kijiko cha sukari na kipande cha siagi. Dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Ukiinyanyua kwa uma katikati na ikainama pande zote bila kukatika, iko tayari. Wenyewe huila na viazi vipya, siagi iliyoyeyushwa au sosi ya mayai, na paja la nguruwe lililokaushwa. Sisi Waislamu tunaweka samaki wa salmoni au mayai ya kuchemsha, na hatujapungukiwa kitu.

Yale maji yaliyobaki ndiyo supu ya kesho. Kaanga kitunguu na tangawizi bila kuviunguza, mimina maji ya asparagasi, tia tui la nazi la kopo moja, pilipili nzima isiyopasuliwa, na vipande vilivyovunjika. Vikilainika, zima moto ndipo ukamulie ndimu. Jirani yangu Mjerumani alionja akanyamaza, kisha akarudi na bakuli. Jambo moja tu la kukuondoa hofu: ukienda msalani baada ya mlo huu na kusikia harufu ngeni, si figo. Ni asparagasi.

Jani tamu na pacha wake mwenye sumu

Mwezi wa Machi na Aprili ukipita msitu wa Kottenforst utasikia harufu ya kitunguu saumu, ukadhani kuna mtu anakaanga pilau. Ni Bärlauch, majani mapana ya kijani yanayotanda chini ya miti. Yakisagwa na mafuta, karanga na chumvi ni chatne ya kupaka kwenye mkate, chapati au viazi.

Ila hapa sitanii. Maiglöckchen hufanana nalo na ni sumu ya moyo. Herbstzeitlose nayo hufanana nalo na inaweza kuua. Bärlauch kila jani linatoka ardhini na kikonyo chake peke yake, na upande wa chini wa jani hauna mng'ao. Maiglöckchen majani mawili hutoka kwenye kikonyo kimoja. Herbstzeitlose majani yake hayana kikonyo kabisa. Harufu peke yake isikudanganye, kwa sababu ukishachuma moja vidole vyote vinanuka na kila jani litaonekana sawa. Hujawahi kuonyeshwa na mtu anayejua? Nunua sokoni. Ukichuma, ni kiganja kimoja cha kula mwenyewe, na katika hifadhi za mazingira hairuhusiwi hata hicho. Ukirudi, vua nguo ujikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kwapani.

Rubarb nayo ipo wakati huohuo. Kaa mbali na majani yake, hayaliwi. Mashina ni machachu kama ukwaju, na ndivyo ninavyoyatumia: kilo moja iliyokatwakatwa, maji lita moja na nusu, kipande cha tangawizi kilichopondwa, iliki nne. Chemsha dakika kumi na tano katika sufuria ya chuma cha pua, isiwe ya alumini, uchachu unaishambulia. Chuja bila kukamua sana, tia sukari gramu 150, onja, ongeza. Mashina mekundu hayamenywi, ndiyo yanayotoa rangi. Wageni huuliza ni juisi ya nini.

Usiku wa kuamkia Mei mosi

Usishtuke ukisikia minong'ono na ngazi ikigonga ukuta usiku wa tarehe 30 Aprili. Katika eneo hili la Rhein kijana anayempenda msichana humletea mti mwembamba wa Birke, wenye gome jeupe, uliofungwa tepe za karatasi za rangi, akaufunga kwenye nyumba yao pamoja na moyo wa mbao wenye jina la msichana. Mti unakaa mwezi mzima, kila mpita njia ausome. Mwisho wa Mei kijana anarudi kuung'oa, na desturi inamdai mama wa msichana keki na baba kreti ya bia. Mwaka mrefu, kama 2028, wasichana ndio wanaopeleka. Asubuhi ya Mei mosi zunguka mitaa ya pembeni na thermosi ya chai ukahesabu miti. Kama una kijana anayetaka kujaribu, mwambie mti hununuliwa, kuukata msituni ni wizi.

Mchicha, baada ya baridi ya mwisho

Sasa lile la koti. Tarehe 11 hadi 15 Mei ni siku za watakatifu watano ambao wakulima huwaita wa barafu, wa mwisho akiwa Sophie. Baridi ya usiku inaweza kurudi siku hizo, na mche wa nyanya uliotolewa nje mapema hufa usiku mmoja. Dhania na sukuma wiki zinavumilia, pandeni Aprili. Mchicha hauvumilii.

Subiri tarehe 16. Chukua boksi la roshani lenye matundu chini, udongo usiwe na madonge. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na kiganja cha mchanga mkavu ndipo uzitawanye, la sivyo zitarundikana mahali pamoja. Zigandamize kwa kiganja, usizifukie ndani. Mwagilia kwa chupa ya kupulizia, maana mkondo wa ndoo utazisomba zote pembeni. Miche ikifika urefu wa kidole, ipunguze, na hiyo unayoing'oa ikaange na kitunguu na nyanya. Inayobaki ikifika shubiri moja na nusu, kata juu ukiacha majani mawili matatu chini, itachipua pembeni, utakata tena. Ukiona vishada vya maua vinatokeza kileleni, vikate siku hiyohiyo, vikikomaa jani linakuwa gumu.